Malhamu ya mikono imefika usoni kwangu na kwa mwanangu

BARUA

Assalamu alaikum Bi Mshauri, na shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, mkaazi wa Langoni hapa Lamu. Safu yako huisoma pamoja na wifi yangu kwenye simu, na yeye ndiye aliyenisukuma nikuandikie, maana mimi mwenyewe naona haya kulieleza jambo hili mbele ya watu.

Lilianza kwenye harusi ya mdogo wangu. Tulipakwa hina nyayoni na piko, ile rangi nyeusi, mikononi, maua mpaka karibu na kiwiko. Baada ya siku mbili ile mistari ikaanza kuwasha, kisha ikafura, ukifumba macho unaweza kulifuata ua zima kwa kidole. Yakatoka malengelenge, yakapasuka, yakawa yanatoa maji ya manjano yanayoganda. Vidole havikunji, usiku silali. Nikaenda duka la dawa. Kijana wa pale alinitazama mikono, akanipa tyubu ya malhamu, akasema ndani mna steroidi ya kutuliza uvimbe na dawa ya kuua bakteria. Nipake kiduchu asubuhi na jioni kwa siku saba. Siku ya tatu nilikuwa nakanda unga wa mahamri.

Tyubu ikabaki, nikaiweka kabatini. Haukupita muda, mwanangu wa miaka mitano akatoka kiduara shingoni. Ana mtoto wa paka anayeshinda amembeba begani, tena hulala naye. Kiduara kilikuwa kinamuwasha, pembeni kina magamba. Nikampaka malhamu yangu. Usiku ule ule akaacha kujikuna, na baada ya siku chache kiduara kikafifia. Nikiacha, kinarudi. Nikimpaka, kinatulia. Sasa si kiduara tena. Limekuwa baka pana lisilo na mpaka, limeshuka kifuani, lina vipele vidogo vidogo, na jingine limetokea mgongoni.

Na mimi, Bi Mshauri, nilikuwa na chunusi mashavuni na madoa yake. Nikasema hebu nijaribu. Chunusi zikakauka, uso ukang'aa. Kila ninapokwenda naambiwa, "Umetakata! Wapaka nini?" Nikaendelea kila usiku, yapata miezi mitatu sasa, na tyubu zikiisha nanunua nyingine, hakuna anayeniuliza neno. Lakini sasa nikiruka usiku mmoja au miwili uso unawaka moto, unafura, vipele vinauzunguka mdomo. Nikipaka, unapoa. Pembeni mwa mdomo naona pamekuwa peupe, na ngozi ya chini ya macho imekuwa nyembamba, mishipa inaonekana.

Mavyaa anasema dawa iliyofaa mikono itafaa kwingine, niongeze kiasi tu. Wifi anasema niitupe baharini leo. Mume wangu yuko kazini Mombasa, hajui. Je, dawa hii ni mbaya? Niiache ghafla? Nimemdhuru mwanangu? Na Maulidi yanakuja, naweza kupaka piko tena nikiwa na tyubu karibu?

Ni mimi,
Mwenye Uso wa Moto, Langoni

JIBU

Waalaikum salaam mwanangu, marahaba. Umefanya vyema kuandika, na wifi yako mfikishie shukrani zangu.

Nianze na la leo usiku, maelezo yatafuata. Mtoto usimpake tena malhamu hiyo, hata akilia kuwashwa. Wewe nawe usoni usiipake tena. Kesho, au siku yoyote ya karibu, nendeni wote wawili hospitali. Pale King Fahd mjini Lamu uliza kama kuna kliniki ya ngozi na ni siku gani. Ikiwa haipo, daktari au afisa wa kliniki wa zamu anaweza kuanza kazi. Chukua tyubu na maboksi yote uliyonayo, hata yaliyokwisha, kwa hiyo baharini usitupe kitu. Macho yakianza kuona ukungu au kuuma, uso ukifura mpaka kope hazifunguki, au mmoja wenu akipata homa na ngozi inatoa usaha, hapo hakuna kungoja siku ya kliniki, nenda saa ile ile.

Sasa niseme juu ya dawa yenyewe. Wifi na mavyaa kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Dawa si mbaya. Kwa mikono yako ilikuwa dawa ya haki kabisa, na kijana yule alikupa maelekezo sawasawa: kiduchu, mara mbili kwa siku, siku saba. Mikono yako ilikuwa na matatizo mawili kwa mpigo. La kwanza ni mzio wa piko, ambao ndio uliofura na kutoa malengelenge. La pili ni bakteria walioingia malengelenge yalipopasuka, na yale maji ya manjano yaliyoganda ndiyo dalili yao. Tyubu yenye dawa mbili ilikuta kazi mbili zinaisubiri. Wiki ikaisha, na kazi yake ikaisha.

Malhamu za namna hii huwa na steroidi, mara nyingi betamethasoni, pamoja na dawa ya bakteria kama asidi ya fusidiki, neomaisini au jentamaisini. Zimekusudiwa ngozi iliyovimba na wakati huo huo imeingiwa na bakteria, tena kwa muda mfupi, kwa kawaida zisizidi wiki mbili. Ngozi iliyovimba bila bakteria haihitaji nusu ya pili ya tyubu. Na hata ukurutu, ule ugonjwa wa ngozi kuvimba na kuwasha, ukiwa na dalili za bakteria si lazima upewe dawa ya bakteria kila mara. Uingereza, mwongozo wa mwaka 2021 wa NICE, taasisi ya huko inayotoa miongozo ya matibabu, unawaambia madaktari wasitoe dawa hizo kwa mazoea ikiwa mgonjwa mwenyewe mwili wake uko salama, hana homa wala hajalegea. Huku kwetu hupewa mtu yeyote anayejikuna. Hilo linanisikitisha, na nimesimama nyuma ya kaunta ya dawa kwa muda wa kutosha kujua kwamba mteja mwenyewe ndiye huomba "ile ya kuchanganya", na muuzaji huona tabu kumuudhi.

Jambo ambalo nataka ulishike, wewe na mavyaa, ni hili la siku ya tatu. Nafuu ya siku ya tatu ndiyo iliyokuvuta kutoka mikononi mpaka shingoni kwa mtoto, na kutoka shingoni mpaka usoni kwako. Mtu akiona kuwasha kumekatika usiku mmoja, husema dawa imeujua ugonjwa. Steroidi haiujui ugonjwa. Haiui bakteria, haiui fangasi, haiui wadudu wa upele. Kazi yake ni kuutuliza mwili usipigane: mishipa midogo ya damu inabana, chembe za kinga zilizokusanyika pale zinapungua, uvimbe unashuka, kuwasha kunakoma. Ikiwa ugonjwa ni huko kupigana kwenyewe, kama mzio wa piko au ukurutu, basi nafuu ni ya kweli. Lakini ikiwa mwili ulikuwa unapigana na kitu kilichoingia, umemlaza mlinzi usingizi na mwizi bado yumo ndani ya nyumba. Ndani ya nyumba kumetulia kweli, kwa hiyo unadhani mambo ni mazuri.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mwanao. Sijamwona, na kwa barua siwezi kumpima mtu, lakini kiduara kinachowasha chenye magamba pembeni, kwa mtoto anayelala na paka mdogo, kwanza mtu hufikiria choa. Choa ni fangasi wa ngozi. Dawa ya bakteria iliyomo kwenye tyubu yako haimgusi fangasi hata kidogo, hao ni viumbe mbalimbali. Steroidi nayo ikazima kuwasha na kufuta yale magamba ambayo ndiyo alama ya kukitambulia choa. Kwa hiyo kila ulipompaka, kiliendelea kutambaa kimyakimya, na kila ulipoacha, mwili ulizinduka ukakuta adui ameongeza shamba. Lile duara lenye mpaka wazi likapotea, likabaki baka lisilo na umbo, ambalo hata daktari akilitazama haraka huenda asijue ni nini. Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini malhamu hii huyaficha maradhi hata kwa mwenyewe. Ndiyo sababu nataka umwambie daktari wazi kwamba mtoto amekuwa akipakwa steroidi, kwa muda gani, na mara ya mwisho ilikuwa lini. Huenda akakwangua magamba kidogo ayatazame kwa hadubini. Kukwangua huko hakuumizi.

Umeuliza kama umemdhuru. Umemchelewesha, hilo ni kweli, lakini choa hupona. Palipopakwa si mwili mzima, na kuacha ghafla kwa kawaida hakuleti hatari. Tarajia kwamba siku za mwanzo baka litachachamaa, litawasha kuliko lilivyokuwa, na duara linaweza kujitokeza tena. Hiyo ni sura halisi ya ugonjwa imerudi kuonekana, na inafaa daktari aione hivyo hivyo. Usilizime. Kitambaa safi kilicholowa maji ya baridi kikiwekwa juu humsaidia mtoto kulala, na kucha zake zikate fupi.

Dawa ya choa cha mwilini ni krimu ya fangasi peke yake, kama klotrimazoli au mikonazoli, ipakwe nyembamba mara mbili kwa siku kupita kidogo ukingo wa baka, na iendelee wiki moja au mbili baada ya ngozi kuonekana imepona. Hapo wengi hukatisha mapema. Kwa mtoto wako, kwa vile kimeshaenea mpaka mgongoni, daktari anaweza kuona afadhali dawa ya kunywa. Mtazame na kichwani. Ukikuta mahali nywele zimekatika au kuna magamba, hayo huenda ni mapunye, na mapunye hayaponi kwa kupaka tu, yanataka dawa ya kunywa kwa wiki kadhaa.

Dukani utaona boksi zimeandikwa kwa Kiingereza, basi shika miisho ya majina. Dawa za fangasi za aina hii huishia kwa herufi -azole. Steroidi nyingi huishia kwa -sone au -sol. Dawa nyingi za bakteria huishia kwa -mycin au -micin. Kwa choa cha mtoto unataka -azole iwe peke yake kwenye boksi. Nasema peke yake kwa sababu zipo tyubu zenye zote tatu pamoja, nazo zinapendwa sana pwani hii kwa kuwa mtu huona amenunua dawa ya kila ugonjwa kwa bei moja. Mimi sizipendi hata kidogo. Steroidi iliyomo mara nyingi ni kali, fangasi hupigwa nusu nusu, kisha hurudi na nguvu. Nchini India madaktari wa ngozi wamekuwa wakihangaika na choa sugu kisichosikia dawa za kawaida, na moja ya sababu wanazozitaja ni hizi tyubu za mchanganyiko kuuzwa kiholela.

Paka usimfukuze, mtoto atalia bure na Lamu hakuna paka mmoja tu. Mtazame tu masikioni, usoni na miguuni. Akiwa na mahali pasipo manyoya au penye magamba, mpeleke kwa daktari wa mifugo naye apate dawa, na mpaka hapo asilale kitandani. Taulo na kofia ya mtoto visishirikiwe na nduguye. Chuoni anaweza kwenda, baka likiwa limefunikwa na nguo na dawa imeanza. Kama lakini mnaona nyumba nzima mnajikuna, hasa usiku, na vipele viko katikati ya vidole na viunoni, huo huenda ukawa upele, na malhamu yako huuficha upele vile vile. Mtajieni daktari.

Sasa tuje kwako, na hapa nitakaa kidogo.

Ngozi ya uso ni nyembamba kuliko ya kiganja, na hunywa dawa mara nyingi zaidi. Ya kope ndiyo nyembamba kupita zote. Steroidi iliyotoshea mikono kwa wiki moja, ikipakwa usoni kila usiku kwa miezi, hufanya yale yale uliyoyaeleza: ngozi hukonda, mishipa midogo huonekana, rangi hufifia mahali mahali, vipele huzunguka mdomo, na chunusi zenyewe hurudi kwa wingi. Ikiingia jichoni mara kwa mara inaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, ndiyo maana nimekutajia habari ya ukungu mwanzoni. Na ule moto unaouona ukiruka usiku mmoja, usidhani ni ugonjwa unaoonyesha bado unaihitaji dawa. Mishipa iliyozoea kubanwa kila siku inafunguka yote kwa pamoja. Malhamu inauleta moto huo, kisha inauzima kwa muda, na wewe umebaki katikati.

Umeambiwa umetakata. Nakuelewa, mwanangu, hakuna mwanamke asiyefurahi kusikia hivyo, na wanaokuambia hawana nia mbaya. Lakini ule mng'ao ni rangi inayopungua na ngozi inayokonda. Watu wakikuuliza wapaka nini, nakuomba usimtajie hata mmoja.

Uache vipi? Kwa uso, nataka uiache, ila usijiachie peke yako na matokeo yake. Siku za kwanza zitakuwa nzito. Uso unaweza kuwaka na kufura na kutoa vipele kuliko sasa, na hali hiyo huchukua wiki kadhaa kutulia, kwa wengine hata zaidi. Wengi wanaoshindwa hushindwa hapo, wanaona dalili wanarudi kwenye tyubu, na saa inaanza upya. Ndiyo sababu ya kumwona daktari mapema. Anaweza kukushusha ngazi kwa ngazi kwa kitu hafifu zaidi, au kukupa vidonge vya kutuliza vipele vile vya mdomoni. Kama una mimba au unanyonyesha mwambie kabla hajaandika, kwa kuwa baadhi ya vidonge hivyo havikufai. Uso uoshe kwa maji tu au sabuni laini isiyo na manukato, na kwa kipindi hiki pumzika na vipodozi vyote, liwa, marashi, sabuni za kung'arisha na mafuta mazito. Jua la mchana liepuke, uso wenye ngozi nyembamba huungua upesi.

Pale peupe pembeni mwa mdomo, kwa kawaida rangi hurudi yenyewe baada ya kuacha, lakini kwa miezi. Mishipa midogo huweza kupungua, mingine hubaki. Sitaki kukuahidi nisichokuwa na hakika nacho. Chunusi zako za mwanzo zina dawa zake na hazina uhusiano na steroidi, zitibiwe baada ya uso kutulia.

Kuna jambo ambalo mavyaa asingeweza kulijua, la ile dawa ya bakteria. Kila siku unayoipaka bila sababu, bakteria dhaifu wanakufa na wale wagumu wanabaki, kwako na kwa watoto mnaolala chumba kimoja. Siku mtoto atakapokatwa na gamba la chaza akapata usaha wa kweli, dawa ile ile huenda isisaidie. Neomaisini tena ina kisa chake, ngozi za watu wengine huichukia. Ukiona mtu anapaka malhamu yenye neomaisini, panapata nafuu kisha panazidi kufura na kuwasha pale pale panapopakwa, huenda tyubu ndiyo inayomdhuru.

Na kuhusu kuongeza kiasi. Kipimo cha malhamu kipo, nacho kiko mkononi mwako. Kamua mstari kuanzia kiungo cha mwisho cha kidole cha shahada mpaka ncha yake. Hiyo ni nusu gramu hivi, na inatosha kupaka eneo la viganja viwili vya mtu mzima, vidole vikiwamo. Mkono mmoja, kuanzia kifundo mpaka vidole, mbele na nyuma, ni kipimo kimoja. Mikono miwili, asubuhi na jioni, ni gramu mbili kwa siku, kwa hiyo tyubu ya gramu 15 ingekaribia kwisha ndani ya wiki moja tu kama mikono yote ingekuwa imeumwa. Yako ilikuwa ni mistari ya maua, ndiyo maana ikabaki. Masalio hayo hayana mrithi. Kazi ikiisha, tyubu irudishwe dukani wakaiharibu.

Namba zilizo kwenye boksi nazo zisiwadanganye. Haidrokotizoni ya asilimia 1 ni hafifu. Betamethasoni ya asilimia 0.1 ni kali. Klobetasoli ya asilimia 0.05 ni kali kupita zote mbili, na namba yake ndiyo ndogo. Mara ngapi nimewasikia watu wakisema, "Hii ni ya sifuri nukta, haina nguvu," huku wanampaka mtoto mchanga kwenye mapaja ndani ya nepi! Nepi ikibana dawa huingia mwilini kwa wingi, na kwa mtoto mdogo inaweza kuzivuruga tezi zinazotengeneza steroidi ya mwili wake mwenyewe.

Jambo moja zaidi la kutazama ngozi zetu. Vitabu vingi husema ngozi iliyovimba huwa nyekundu. Kwa weusi wetu wekundu huo mara nyingi hauonekani. Panakuwa na rangi ya zambarau, au kijivu, au weusi uliokolea kuliko pengine, pana joto ukigusa na pamekaza. Ukimtazama mtoto usiutafute wekundu, guza kwa mgongo wa mkono na ulinganishe na upande wa pili.

Piko, mwanangu, jibu langu ni hapana, na ni hapana ya maisha. Weusi wa piko unatokana na rangi ya nywele, na ndani yake mna kemikali iitwayo parafenilenidiamini, kwenye boksi huandikwa kwa kifupi PPD. Mwili ukishaichukia mara moja hausahau. Mara ya pili mzio huja haraka zaidi na huwa mkali zaidi, na tyubu iliyo karibu haizuii. Kwa sababu hiyo hiyo usipake rangi nyeusi ya nywele kichwani hata uzeeni mvi zitakapokuja, isipokuwa umehakikisha haina kemikali hiyo, na daktari yeyote anayekutibu mwambie una mzio wa PPD. Hina ya majani yenyewe, ile inayotoka rangi ya kahawia au nyekundu, kwa kawaida haina tabu. Ila umwone mwenyewe mpakaji akiikoroga, maana wapo wanaoitia piko kidogo ikolee upesi. Ikiwa hina inashika weusi kwa nusu saa, hiyo si hina tupu. Mtoto usimpake piko kabisa, hata kama hajawahi kudhurika. Mzio huu hujengwa na mpako wa kwanza na kutokea kwenye wa pili au wa tatu.

Kwa mavyaa usiende na ubishi. Yeye aliona mikono yako ikipona kwa macho yake, na akasema kwa kukutakia heri. Mwombe afuatane nanyi hospitali, ambebe mjukuu wake, na daktari aeleze yeye akiwapo. Mumeo naye mpigie umwambie, kwa kuwa wiki chache zijazo uso utakuwa mbaya kabla ya kuwa mzuri na hutaki akukute hivyo bila kujua sababu.

Niandikie baada ya kumwona daktari, unitajie alichokupa wewe na alichompa mtoto, majina kama yalivyo kwenye boksi, nikusaidie kuyasoma.